Mrija wa Shingoni

Msafiri wa miguu apitaye nchi kavu, mzigo wake mkubwa ni maji. Muhogo kidogo hutosha siku mbili, maji hayatoshi. Chupa ikiisha, hunywa yale ya njiani: maji ya kidimbwi, maji ya shimo, hata yale yaliyojaa nyayo za ng'ombe. Ajua vema kwamba si mazuri, lakini kiu haingoji sufuria ichemke. Katekisimo huhesabu kumnywesha mwenye kiu kati ya matendo ya huruma. Basi ni vizuri kujua pia kilichomo ndani ya maji hayo.

Wafugaji wa Sudani ya Kusini, majirani wa Kongo upande wa kaskazini-mashariki, wanalijua jambo hili kuliko wengi. Wakati wa kiangazi huhama na ng'ombe wao kutafuta majani. Huenda siku nyingi, hawabebi mitungi wala kuni. Zamani wengi wao waliteswa na mnyoo wa Guinea.

Mnyoo huyo ni kiumbe cha ajabu. Jike lake ni jembamba kama uzi mnene, na urefu wake waweza kufika mita 1. Hukaa ndani ya mwili wa mtu karibu mwaka mzima, na mtu hana habari. Kisha siku moja lengelenge hutokea, mara nyingi mguuni, nalo huwaka kama moto. Likipasuka, ncha ya mnyoo huonekana. Hakuna dawa ya kumwua, wala chanjo ya kumzuia. Mwuguzi humzungusha juu ya kijiti, kidogo leo, kidogo kesho, na kazi hiyo yaweza kuchukua majuma mengi. Akimvuta kwa nguvu, mnyoo hukatika ndani, na mguu huvimba na kutunga usaha. Siku hizo zote mgonjwa hawezi kulima. Tena mara nyingi mnyoo hutoka wakati wa kupanda au wa kuvuna; basi nyumba nzima huona njaa kwa sababu ya uzi mmoja.

Je, mnyoo huingia mwilini namna gani? Mgonjwa mwenye lengelenge hukimbilia kidimbwini ili apoze mguu. Mara mguu unapoingia majini, mnyoo hutema watoto wake, maelfu na maelfu. Watoto hao humezwa na mdudu mdogo wa majini. Mtu mwingine akija na kata yake, humnywa mdudu pamoja na maji. Tumboni mdudu hufa, lakini watoto wa mnyoo hawafi. Hutoboa utumbo na kuingia mwilini. Mwaka ukipita, lengelenge jingine hutoka. Hivi mtu aliyetaka kupoza mguu wake tu huwapa jirani zake ugonjwa, pasipo kukusudia.

Bahati njema, mdudu yule si mdogo mno. Mwenye macho makali aweza kumwona katika chupa iliyoinuliwa mbele ya mwanga: ni kama nukta nyeupe inayorukaruka. Kwa hiyo kitambaa chenye nyuzi zilizokaribiana sana chaweza kumzuia. Nyumbani wanawake walifundishwa kufunga kitambaa cha nailoni juu ya mtungi, na kumimina maji polepole. Lakini mchungaji yuko mbali na mtungi wa mama yake. Kwa ajili ya watu kama yeye ulitengenezwa mrija.

Mrija huo ni kipande cha bomba, chavaliwa shingoni kwa kamba. Ndani yake umewekwa wavu mwembamba sana. Mtu huinama, huweka ncha moja majini na nyingine kinywani, kisha huvuta, kama wazee wanavyovuta pombe ya mtama. Maji hupita, mdudu huzuiwa. Hautaki moto wala dawa. Yafaa tu kuutazama mara kwa mara, maana wavu ukitoboka mrija hauna faida tena.

Mwaka 1995 Jimmy Carter, aliyekuwa zamani Rais wa Marekani, aliwaomba wakubwa wa vita ya Sudani wasimamishe mapigano. Wakakubali karibu miezi 6, na wafanyakazi wa afya wakafika mahali pasipofikika. Ni mara chache bunduki kunyamaza kwa ajili ya mnyoo! Vita ikaanza tena. Lakini mwaka 2001 shirika lake, Carter Center, pamoja na wenzake, waligawa katika Sudani mirija zaidi ya 9,000,000.

Mtu asidhani lakini kwamba mrija huo husafisha maji yote. Vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara damu ni vidogo mno. Hupita katika wavu ule kama siafu wapitavyo katika mlango wa kanisa. Mwaka 2005 kampuni iliyotengeneza mirija ya wafugaji ilitoa mwingine, jina lake LifeStraw. Siku hizi watembezi wa milimani, huko Ulaya na Marekani, huubeba katika mifuko yao ya mgongoni. Ndani yake mna nyuzi zenye uwazi katikati, na tundu zake ni ndogo kuliko sehemu ya elfu ya milimita. Bakteria hawapiti. Virusi, walio wadogo zaidi, waweza kupita. Tena mrija wa namna hii ukigandishwa na baridi kali, nyuzi zake hupasuka, na kwa macho hauonyeshi dalili yoyote. Kwa hiyo mtembezi mwenye akili hulala nao ndani ya blanketi. Mwenye kuni na sufuria hahitaji hayo yote: maji yakitokota dakika 1, vijidudu hivyo hufa, juu ya milima mirefu zahitajika dakika 3.

Kwa mnyoo wa Guinea, mrija na kitambaa vimefaa sana, pamoja na visima na dawa ya kutia dimbwini. Mwaka 1986 wagonjwa walikadiriwa kuwa 3,500,000. Mwaka 2024 walihesabiwa 15 tu duniani pote. Katika Kongo mgonjwa wa mwisho alionekana mwaka 1958, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba nchi haina mnyoo huyo.

Imebaki taabu moja. Tangu mwaka 2012 mnyoo ameonekana katika mbwa wengi wa nchi ya Chadi, na mbwa hajui kuvuta maji kwa mrija. Basi huko wavuvi hufukia matumbo ya samaki ili mbwa wasiyale, na wenye mbwa aliyetokwa na mnyoo humfunga kwa kamba mbali na maji, hata mnyoo atoke wote.