Seva isiyoangaliwa ni mlango wazi, na barua za watu ziko ndani

Kila redio, kila paroisi, kila kooperative ya wachimbaji iliyo na ukurasa wake kwenye intaneti iko na seva mahali fulani. Seva ni kompyuta kama zingine, ila yenyewe hailali: inatunza kurasa, sauti na barua pepe, na inajibu kila anayepiga hodi, usiku na mchana. Nyingi zinatembea na Linux, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kule Helsinki. Hailipishwi, na mashini ya zamani inaiweza, njo maana inatufaa sisi wa huku. Lakini haijilindi yenyewe.

Mtu wa Tenke akisikia habari za wezi wa intaneti, anawaza kijana mwenye akili nyingi amekaa mbali, anachagua nani wa kumwibia. Mara nyingi si hivyo. Wanaotafuta ni mashini. Zinapita kwenye anwani za intaneti moja moja, zinasukuma mlango kuona kama uko wazi. Hazijui kama wewe ni benki ao redio ya mtaa. Kama uko na seva ya Ubuntu iliyounganishwa na intaneti, fungua tu faili inayoitwa /var/log/auth.log: utaona majina kama "root", "admin" na "test" yakijaribiwa na watu usiowajua, tena na tena, hata kama hujamwambia mtu kwamba seva yako iko.

Mlango wanaousukuma sana ni ule unaotumia wewe mwenyewe kuingia kutoka mbali, unaoitwa SSH. Ukiufunga na neno la siri jepesi, jina la mji na mwaka, siku moja watalipata. Heri ufunguo: amri "ssh-keygen" inazaa faili mbili, moja inabaki kwenye kompyuta yako, nyingine unaiweka kwenye seva. Ukishaona ufunguo unaingiza vizuri, unazima maneno ya siri kabisa na unamkataza "root" kuingia moja kwa moja. Fanya hivyo ukiwa na dirisha lingine ambalo bado limeunganishwa, bila hiyo unaweza kujifungia inje ya nyumba yako. Kiisha unaweka ukuta, "ufw", unaoacha wazi milango inayotumika tu. SSH uiruhusu kwanza, mbele ya kuwasha ukuta.

Penye watu wengi wanaangukia ni kusasisha, ile tunaita mise à jour. Programu zote ziko na makosa. Siku kosa linapogunduliwa, wanaotengeneza Linux wanatoa dawa, na dawa ile iko wazi kwa kila mtu. Mwizi naye anaisoma. Anajua sasa tundu liko wapi, na anaanza kutafuta nani bado hajaliziba. Kwa hiyo anayekawia kusasisha baada ya dawa kutoka iko hatarini kuliko mbele.

Amri ni mbili. "sudo apt update" inaleta tu orodha ya mapya, haibadilishi kitu, na kuna watu wanaosimama pale wakifikiri wamemaliza. "sudo apt upgrade" njo inayoweka. Iko pia programu inayoitwa unattended-upgrades, inayoweka dawa za usalama yenyewe kila siku. Usisahau tena kuwasha upya: kiini cha Linux hakibadiliki mpaka mashini ianze upya. Ukiona faili /var/run/reboot-required imetokea, ni seva inakuomba ruhusa.

Angalia pia umri. Ubuntu za LTS zinapata dawa kwa miaka 5. Ile ya 20.04 ilimaliza muda wake wa kawaida mwaka 2025, na anayeibakisha bila mpango mwingine anaishi bila daktari. (Jina Ubuntu, wasomaji wa Kiluba wameshalitambua: ni bumuntu yao.)

Wengi watasema: mega zinakula pesa, na umeme wa SNEL unakatika. Ni kweli. Lakini kama seva umeipanga Ulaya ao Afrika ya Kusini, programu zinashuka kule kule, mega zako hazitumiki, wewe unatuma amri tu. Kama iko ndani ya biro yako na umeme umekatika katikati ya kazi, umeme ukirudi andika "sudo dpkg --configure -a". Mara nyingi itaendelea pale ilipoachia. Na kopi ya kila kitu iwe kwenye mashini nyingine.

Kuna mfano unaotugusa. Aprili 2016 zilitoka Panama Papers, faili milioni 11.5 za kampuni ya sheria Mossack Fonseca. Ndani lilikuwamo jina la Dan Gertler, mfanyabiashara Mwisraeli aliyekuwa na hisa katika migodi ya Kolwezi, ambaye Marekani ilimwekea vikwazo Desemba 2017. Wataalamu walipoangalia seva za kampuni ile walikuta programu ya Drupal, toleo la 7.23, wakati dawa ya tundu kubwa ilikuwa imetoka tangu Oktoba 2014 katika toleo la 7.32. Barua pepe zao nazo zilikuwa zinatembea bila kufungwa. Haikuthibitishwa kama njo mlango uliotumika, lakini ulikuwa wazi. Mimi kama mwandishi wa habari nafurahi yale mambo yalijulikana. Lakini mlango wa namna ile ukiwa kwenye seva ya redio, anayeingia atasoma barua za raia waliotuamini.

Na hatari yao si mchezo. Gradi Koko na Navy Malela, waliokuwa wafanyakazi wa Afriland First Bank, walitoa karatasi zilizomhusu Gertler huyo huyo. Benki iliwashitaki, na Septemba 2020 tribunali ya Kinshasa ikawahukumu kifo wakiwa hawako. Hukumu ilijulikana Februari 2021. Wao walikuwa wameshafika Ulaya. Mfanyakazi wa mgodi anayetuandikia kutoka Fungurume hana Ulaya ya kukimbilia.

Barua pepe inafungwa mara mbili. Kwanza njiani: seva mbili zinaongea kwa lugha iliyofungwa inayoitwa TLS. Cheti chake Let's Encrypt inakitoa bure tangu 2015. Kinadumu siku 90, na programu ya certbot inakirudisha upya. Lakini barua ikifika, mwenye seva anaweza kuisoma.

Kufunga kwa pili ni kwa barua yenyewe, kwa OpenPGP. Waza kufuli lililo wazi. Unatengeneza makufuli mengi ya namna moja, unagawa kwa kila mtu. Anayetaka kukuandikia anafunga barua na kufuli lako, na ufunguo uko kwako peke yako. Kufuli linaitwa ufunguo wa hazarani, lingine ufunguo wa siri. Thunderbird inafanya kazi hiyo yenyewe tangu 2020. Ukipoteza ufunguo wa siri, barua za zamani hazifunguki tena, basi weka kopi kwenye kle ya USB na uifiche. Na jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: nani ameandika, kwa nani, na saa ngapi, hayo yanabaki wazi, na mara nyingi kichwa cha barua pia. Usiandike "mambo ya mgodi" pale juu.

Inabaki kujua kama kufuli ulilopewa ni la redio kweli, si la mjanja fulani. Kila ufunguo uko na alama yake ya kidole, herufi na tarakimu 40. Redio inaweza kuisoma hewani, polepole, mara mbili, na msikilizaji akailinganisha na ile anayoona kwenye kompyuta yake mbele ya kutuma neno hata moja.