Cherehani ya Kiwandani kwa Anayeanza

Mlaji anayehama kutoka cherehani ya kukanyaga kwenda cherehani ya umeme ya kiwandani hufanya hivyo, kwa kawaida, mara moja katika maisha ya biashara yake, na aghalabu kwa fedha za mkopo wa kikundi. Rejesho la kwanza halimsubiri azoee mashine. Ndiyo maana makala haya yanazungumzia ununuzi na ujifunzaji kwa pamoja: mengi yanayolalamikiwa kuwa ubovu baada ya wiki mbili yangeweza kuonekana dukani, na mengine si ubovu bali ni ugeni wa mkono.

Tofauti kubwa ni mwendo. Cherehani nyingi za kiwandani za mshono ulionyooka zinaweza kupiga mishono 4,500 na zaidi kwa dakika, yaani 75 kwa sekunde. Mshono ukiwa na urefu wa milimita 2.5, kitambaa husogea karibu sentimita 19 katika sekunde moja. Kwa aliyezoea kukanyaga kwa miguu, huo ni mwendo wa kutisha, na vidole vyake viko jirani na sindano.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisihusu jina lililoandikwa kwenye kichwa cha cherehani. Liulizwe kuhusu mota. Mota ya klachi huzunguka muda wote swichi ikiwa imewashwa, hata fundi akiwa anakunywa chai, na uniti za LUKU huendelea kupungua. Mwendo wake hudhibitiwa kwa unyayo peke yake. Mota ya servo huzunguka pale tu pedali inapokanyagwa, haina kelele nyingi, na ina kitufe cha kuweka kikomo cha mwendo. Kwa maoni yetu, anayeanza anunue yenye servo hata ikibidi kuongeza fedha kidogo, kwa kuwa kikomo hicho ndicho kitakachomfundisha.

Mashine zilizokwisha kutumika zinahitaji uangalifu wa pekee. Soma kibati cha maelezo kilichobandikwa kwenye mota kabla ya kujadili bei. Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230 na hezi 50. Mashine iliyotoka Japani yaweza kuwa ya volti 100, na ya Marekani volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani, mota itaungua. Muuzaji atakuambia kwamba transfoma inatosha. Inatosha kwa volti, iwapo uwezo wake kwa wati unazidi ule wa mota, lakini haibadilishi hezi: mota ya kawaida iliyotengenezwa kwa hezi 60 itazunguka polepole zaidi hapa na inaweza kupata joto. Aidha, mashine zilizotoka viwandani mara nyingi huwa na mota ya umeme wa njia tatu, ilhali nyumba nyingi zina njia moja. Kichwa cha mashine hiyo kinaweza kuwa kizima kabisa, ila utalazimika kununua mota nyingine. Gharama hiyo ipunguzwe kwenye bei.

Omba ushone dukani, na ushone kwa kitambaa ulichokuja nacho wewe mwenyewe, kizito na chepesi. Kitambaa cha muuzaji ni kile ambacho mashine yake inakipenda.

Mashine ikifika nyumbani, angalia mafuta kabla ya kuwasha. Nyingi husafirishwa bila mafuta, na kichwa kinachoendeshwa kikavu kwa kasi huweza kuharibika siku ya kwanza. Jaza mafuta meupe ya cherehani katika sinia lililo chini ya kichwa, kati ya alama mbili zilizowekwa. Usitumie ya injini wala ya kupikia. Sindano nazo ni tofauti: ya cherehani ya nyumbani ina shina lililo bapa upande mmoja, ya kiwandani ina shina la duara. Kwa kuwa shina la duara halijionyeshi upande, wengi huiweka vibaya kisha hulaumu mashine kwa kuruka mishono. Mfereji mrefu wa sindano uelekee upande ambao uzi unaingilia, yaani kushoto kwa mashine nyingi za sindano moja.

Siku za mwanzo zisiwe za nguo za wateja. Weka mwendo wa chini kabisa, acha kutia uzi, chora mistari kwenye gazeti kuukuu na uifuate kwa sindano: iliyonyooka kwanza, kisha ya mviringo, mwisho pembe za mraba, ambapo utajifunza kusimama sindano ikiwa chini. Zoea kunyanyua mguu wa kubana kitambaa kwa goti ili mikono yote ibaki kwenye kazi. Zima mota kila unapotunga sindano, na kumbuka kwamba mota ya klachi huendelea kuzunguka kwa muda baada ya kuzimwa. Unyayo usiwe juu ya pedali. Anayependa mwalimu atapata kozi za ushonaji katika vyuo vya VETA.

Kuhusu haki, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ina jambo ambalo wanunuzi wachache hulizingatia. Ukimweleza mfanyabiashara wa cherehani kazi unayoikusudia, kwa namna inayoonyesha kwamba unategemea ujuzi wake, sheria huchukulia kuwa bidhaa itaifaa kazi hiyo. Ukitaja tu jina la kibiashara unalolitaka, kinga hiyo inaweza kukutoka. Sema, basi, “nashona sare za shule na jinzi, umeme wangu ni wa njia moja,” na uombe maneno hayo yaandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya mashine na muda wa waranti. Vilevile, ukiikagua bidhaa, hutaweza baadaye kudai kasoro ambayo ukaguzi huo ungepaswa kuifichua. Kagua kwa makini au usikague kwa haraka haraka.

Maelezo ya uongo kuhusu bidhaa yamekatazwa na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, na kichwa chenye nembo ya kughushi kinaangukia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Zote mbili husimamiwa na Tume ya Ushindani. Anza kwa kumwandikia muuzaji na ubaki na nakala. Asipojibu, lete barua hiyo, risiti, na picha ya kibati cha mota, na usiruhusu fundi mwingine aifungue mashine kabla ya hapo.