Mji wa Jangwani Juu ya Meza ya Chakula

"Baba watoto, kopo hili nitupe, au nalo ni nyumba?"

Mke wangu huniuliza hivyo karibu kila jioni, amesimama mbele ya pipa la taka, na mara nyingi jibu ni kwamba nalo ni nyumba. Kopo la mtindi ukilipindua ni tangi la maji. Kizibo cha dawa ya meno ni bomba la moshi. Paketi ya vidonge vya kichwa, vidonge vikisha, ni safu ya taa za mlango wa chombo cha angani. Tunaishi Nottingham, katikati ya Uingereza, mji ambao nguo ukizianika nje Jumatatu unaziingiza Jumatano zikiwa bado mbichi. Humo ndimo mimi, dereva wa basi, nimo mwaka wa nne najenga jangwa.

Jangwa lenyewe lina ukubwa wa meza, sentimita 180 kwa 120. Ndiyo meza iliyozoeleka katika michezo ya vita vya mezani, na wenyewe huipima kwa futi, 6 kwa 4. Watu wawili husimama pande mbili, kila mmoja na kikosi chake cha vijisanamu vilivyopakwa rangi, vyenye kimo cha milimita 28 hivi. Unavisogeza kwa kupima na tepu, unatupa dadu kujua nani kampiga nani. Fikiria bao ambalo mashimo yake yamegeuka vichochoro na kete zake zina bunduki. Kanuni ni vitabu kwa vitabu na sitazieleza hapa. Mimi mwenyewe hukumbushwa kila siku tunapocheza. Kilichonivuta ni nyumba.

Mchezo huu si wa jana. H. G. Wells, mwandishi wa riwaya za kisayansi, alichapisha kitabu chake cha kanuni, Little Wars, mwaka 1913, na vijiji vyake alivijenga sakafuni kwa matofali ya mbao ya watoto. Siku hizi Nottingham ndiyo kama Makka yake. Games Workshop, kampuni ya Warhammer, ina makao yake makuu hapa mtaa wa Lenton, na kuna kampuni nyingine kadhaa zilizoizunguka. Wapenzi wa mchezo huliita eneo hili Mkanda wa Risasi, kwa sababu vijisanamu vya zamani viliyeyushwa kwa madini hayo. Kiswahili kimetupa utani wa bure hapo: vijiaskari vya risasi, vinavyopigana kwa risasi.

Kampuni hizo huuza na majengo ya plastiki, mazuri sana, ila bei ya jengo moja hununua mchele wa biriani wa mwezi mzima. Ndiyo maana wengi huunda wenyewe. Warhammer 40,000 ilipotoka mwaka 1987 bidhaa za madukani zilikuwa chache, na miaka hiyo ya mwanzo wachezaji walifundishwa kutengeneza gari la kivita la kuelea hewani kwa kopo la diodoranti. Mimi niliingizwa na mzee mmoja jirani, mstaafu, mlango wa tatu kutoka kwetu. Nilimbebea mifuko ya dukani siku moja ya barafu, akanionyesha gereji yake. Gari hakuna. Kuna mji mweupe wa makuba, na mchanga hadi kwenye vizingiti.

Nilimuuliza ni Arabuni ya wapi hii. Akasema ni sayari.

Baadaye nikajua kwamba sayari hiyo ina anwani, na anwani yake ni kusini mwa Tunisia. Mwaka 1976 George Lucas alikwenda huko kupiga filamu ya Star Wars, iliyotoka mwaka uliofuata. Nyumba ya shangazi na mjomba wa shujaa wake, kwa ndani, ni hoteli ya Sidi Driss mjini Matmata, ambako Waamazigh tangu zamani wamechimba nyumba zao chini ya ardhi: shimo kubwa la duara ndilo ua, na vyumba vimetobolewa pembeni mwake. Ule mgahawa maarufu wa majambazi, kwa nje, ni jengo la Ajim, kisiwani Djerba. Hata jina la sayari, Tatooine, limetoka kwa mji wa Tataouine. Huko kuna ghala za nafaka za kale, vyumba vyenye paa la mviringo vilivyopandiana kama mizinga ya nyuki hadi ghorofa nne. Lucas na wenzake walirudi tena mwaka 1997 kwa filamu ya The Phantom Menace, wakajenga mji mzima wa bandia pale Ong Jmel, karibu na Nefta. Walipoondoka waliuacha, na matuta ya mchanga, ambayo hayajui sinema, yakaanza kuufunika.

Kingine nilichokipenda ni habari ya Roger Christian, aliyekuwa akipamba mandhari ya filamu ile ya kwanza. Pesa zilikuwa haba, akanunua vyuma chakavu vya ndege na kuvibandika kutani, vikaonekana mitambo. Mwaka 1978 yeye na wenzake walipata tuzo ya Oscar. Nilimsimulia mke wangu habari hiyo. Akasema sawa, yetu ikifika atapisha nafasi kabatini, kwa sasa niondoe makopo.

Nyumba yangu ya kwanza niliiga picha, na ilikuwa mbaya. Kuta nyembamba za kadibodi, pembe kali kama boksi la viatu, madirisha makubwa ya kupendeza. Jirani yangu aliisifu kwa adabu ya Kiingereza. Mimi niliiona inasema uongo lakini sikujua uongo wenyewe uko wapi, mpaka usiku mmoja nikiwa kwenye usukani nikaikumbuka nyumba ya babu yangu Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja. Utotoni nilikuwa nakaa *ndani* ya dirisha. Ukuta wa mawe na chokaa ulikuwa mnene hata mtoto anaingia kwenye unene wake na miguu yake, na nje jua likichoma saa saba, humo kuna ubaridi wa mtungi.

Basi pale pale nikaelewa. Fundi wa jangwani hajengi kwa kutazama sura. Anajenga kwa kukimbia joto. Ukuta mnene, ili joto la mchana lichelewe kuingia. Madirisha madogo, tena juu. Paa bapa, kwa sababu mvua ni ya kubahatisha na watu hulala juu. Mlango umejificha kivulini. Ukiyafuata hayo, hata ukiweka juu yake antena tatu na mtambo wa kuvuna mvuke, jicho linakubali. Ukiyapuuza, utabandika antena mia na bado ni boksi la viatu.

Hesabu yake si ngumu. Kijisanamu cha milimita 28 ni mtu aliyepunguzwa kama mara 60, kwa hiyo ukuta wa milimita 10 ni ukuta wa sentimita 60. Mlango naupa milimita 40, maana kijisanamu kimesimama juu ya kitako chake na hakitaki kuinama. Ukuta naukata kwenye povu la kuhami joto, lile gumu la buluu au la waridi linalowekwa chini ya sakafu za nyumba. Mafundi ujenzi huacha vipande, ukiomba vizuri unapewa. Povu jeupe la maboksi ya televisheni nalo linafaa, ila hukatika chengachenga na chenga zake utazikuta hadi kwenye chai. Kisu kiwe kikali kweli. Wengine hutumia waya wa moto, nao unapita kama kwenye siagi, lakini moshi wa povu ni sumu, kwa hiyo kazi hiyo ni ya uani.

Pembe zote nazipiga msasa hadi zilegee. Nyumba ya udongo haina pembe ya kukata mkono. Kisha nachoma vijiti vya mishikaki juu ya ukuta, ncha zichomoze nje kidogo, ndizo boriti. Kuba ni nusu ya mpira wa tenisi ya mezani, au pambo la Krismasi lililouzwa kwa bei ya kutupa mwezi Januari. Hapo pana mgogoro wa kudumu: kuba ni zuri, lakini kijisanamu hakisimami juu yake, na mchezo unataka watu wapande mapaa wapigane huko. Kwa hiyo kuba moja, mapaa bapa matatu, na ngazi nje. Paa lenyewe liwe la kufunuka kama kifuniko cha sufuria, mtu aweze kuingiza askari wake ndani.

Halafu lipu. Hii ndiyo saa yangu. Nachukua lipu ya kuzibia nyufa za ukuta, naichanganya na gundi nyeupe ya mbao, mchanga uliochekechwa kwa chujio la chai (tumeshanunua jingine) na rangi kidogo ya kahawia, ili siku ikibanduka isionekane nyeupe. Naipaka kwa kidole. Nilijaribu mwiko mdogo, ukatoa ukuta wa ofisi. Kidole kinaacha mawimbi, na mawimbi hayo ndiyo mkono wa fundi. Sehemu moja au mbili siipaki kabisa. Pale nachora matofali kwa kalamu ya wino iliyokauka, kana kwamba lipu imedondoka kwa uzee.

Naandika kama fundi, lakini nyumba ya pili niliiua mwenyewe. Ilikuwa nzuri. Nikaipeleka uani, nikachukua rangi ya kopo la kupuliza, nikaipuliza. Kwanza nilisikia sauti ndogo, kama dagaa kwenye mafuta. Kisha ukuta wa nyuma, ambao sikuwa nimeupaka lipu, ukaanza kujikunja, ukatoboka, madirisha yakaungana yakawa pango. Kile kimiminika kinachoibeba rangi ndani ya kopo huyeyusha povu. Jirani alikuja kutazama, akasimama kimya kama kwenye msiba, halafu akaniuliza kama sikujua. Ndiyo kwanza nikajua. Tangu hapo kila kona inapata mikono miwili ya gundi nyeupe kabla ya rangi yoyote, na rangi ninayotumia ni ya maji, kwa brashi.

Rangi huanza na giza. Kahawia nzito kila mahali, hadi mashimoni. Ikikauka, rangi ya ngozi ya ngamia. Kisha unachukua brashi pana, unaichovya kidogo kwenye rangi ya maziwa, unaifuta kwenye kitambaa mpaka ibaki kama haina kitu, unaipitisha juu juu. Rangi inashika miinuko tu, na mawimbi yote ya kidole yanatokea kwa mara moja. Chini ya kila mlizamu napitisha mstari mwembamba wa kutu. Juu ya mlango wa jikoni, masizi. Kuanzia chini hadi magoti ya kijisanamu, vumbi jepesi.

Nyumba ya mwisho niliiwekea baraza. Sikuona baraza hata moja kwenye mji wa jirani yangu, na sayari bila mahali pa kukaa jioni siiamini. Baraza ilipokauka niliona ukuta uliopo nyuma yake ni msafi mno. Kwetu, ukuta wa baraza una doa refu jeusi linalong'aa, sawa na vichwa vya watu waliokaa, kwa mafuta ya nazi ya miaka na miaka. Nikachanganya kahawia, nyeusi kidogo na vanishi, nikalipaka doa hilo kwa ncha ya kidole, urefu wa vichwa vya milimita 28.

Jumamosi tulicheza juu ya meza ya chakula, baada ya mke wangu kuondoa vyombo na kutupa saa tatu. Jirani alikiinua kijinyumba, akakisogeza karibu na miwani, akauliza lile doa ni nini. Nikamweleza. Alikaa nalo muda. Zamu yake ilipofika, badala ya kumficha kapteni wake nyuma ya tangi la mtindi kama mtu mwenye akili, alimweka pale barazani, mgongo ukutani.

"Mzee, hapo yuko wazi," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Mwache apumzike."

Nikatupa dadu. Sita.