Mtani Huja na Jembe

Jumapili ya 5 Machi 2023, saa moja na nusu usiku, banda la mpira lilikuwa limejaa hadi nje. Huu ni mtaa wa Mombasa wenye Wabajuni wengi, na usiku ule Liverpool ilikuwa inacheza na Manchester United. Walioingia mapema walipata viti. Tuliochelewa tuliketi mkekani, miguu imekunjwa, mbele ya runinga. Kufikia mapumziko lilikuwa bao moja. Baada ya mapumziko mabao yakaanza kumiminika.

Salah alipofunga la nne, kijana mmoja mwenye jezi nyekundu ya Liverpool aliinuka, akakunjua mikono kama mbawa, akavuma mdomoni mfano wa injini, akayumba kulia, akayumba kushoto, kisha akajibwaga chini kwa kishindo. Nusu ya banda ikacheka. Wengi waliocheka hawakujua wanachekea nini. Kijana mwenyewe alikuwa amekiona kituko hicho kwenye simu.

Mzee aliyeketi karibu nami hakucheka. Mchana mzee huyu hushona nyavu, na asili yake ni Kudha.

"Ndege hiyo ilibeba nani?" akamuuliza.

"Ni mpira tu, ami."

"Nimekuuliza walobebwa. Wawajua?"

Kijana hakuwajua. Mpira ukaendelea, na mabao pia.

Nitarudi kwenye banda lile, maana mzee hakuwa amemaliza. Kwanza niseme kijana alikuwa anaigiza nini. Tarehe 6 Februari 1958, ndege iliyokuwa ikiwarudisha Manchester United kutoka Belgrade ilijaribu kuruka mjini Munich, uwanja wa ndege ukiwa umetapakaa theluji iliyoyeyuka nusu. Ilishindwa mara mbili. Ya tatu ikaanguka. Wakafa watu 23, wanane kati yao wachezaji. Mikono ile iliyokunjuliwa kama mbawa ndiyo Munich.

Upande wa pili nao una silaha yake. Tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye vizimba vya nyuma ya goli hadi wakakosa pumzi. Idadi ya waliokufa leo ni 97. Wa mwisho alifariki mwaka 2021 kwa majeraha ya siku ile. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama lilitamka kwamba waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Hata hivyo zipo nyimbo za viwanjani zinazowaita wauaji. Siku moja kabla ya mechi ile ya Machi, makocha wa pande zote mbili, Jürgen Klopp na Erik ten Hag, walitoa wito wa pamoja: shangilieni mtakavyo, lakini maiti waacheni. Miezi mitatu baadaye, kwenye fainali ya Kombe la FA, shabiki mmoja alikamatwa amevaa jezi iliyoandikwa kwamba 97 hawakutosha. Alitozwa faini na kupigwa marufuku viwanjani kwa miaka minne.

Mtu wa Pwani anaweza kusema hayo ni ya Wazungu na uwanja wao. Mzee wa Kudha hawezi, na sababu zake zinaanzia nyumbani kwake.

Kudha ni kimojawapo cha Visiwa vya Wabajuni, pamoja na Koyama, Chovai, Chula na Ngumi, vilivyojipanga kusini mwa Kismayo kuelekea Ras Kiamboni na mpaka wa Kenya. Watu wake ni watu wa maji: samaki, kamba, kasa. Wabajuni walikuwa wakimvua kasa kwa kumtumia chazo, yule samaki mwenye kinyonyeo kichwani. Chazo hufungwa kamba mkiani, akatupwa majini, akaenda kujibandika kwenye gamba la kasa, na mvuvi akavuta taratibu. Kazi hiyo inataka subira, na watu wa subira wana maneno mengi. Kwa hiyo kutambiana ni sehemu ya uvuvi wenyewe. Mashua hushindana kurudi pwani, na inayotangulia husubiri zile nyingine kwa maneno. Aliyerudi mikono mitupu ataambiwa samaki wamemsalimia. Nahodha aliyepanda mwamba ataitwa jina la mwamba huo mpaka azeeke.

Ila kejeli hiyo ina wakati wake. Chombo kisiporudi, ndimi zote hufungwa. Waliokuwa wakishindana jana hutweka pamoja, na yule mwenye maneno makali kuliko wote hutazamiwa awe wa kwanza kusukuma mashua yake majini. Mzee aliniambia hivi, siku nyingine, sindano ya nyavu mkononi: "Mtu akizama, kwanza tafuta mwili. Ukisha kuzika, ndipo uniambie nahodha alikuwa mjinga." Watu wa visiwa hivi walijifunza hilo kwa uchungu mwaka 1991, dola ya Somalia ilipoanguka na familia kwa familia zikapakiwa majahazini kukimbilia Kenya. Si majahazi yote yaliyofika.

Wala uwanja wa mpira, kwa mtu wa upande ule, si mahali pa mpira tu. Oktoba 2008, Kismayo ikiwa mikononi mwa al-Shabaab, binti wa miaka 13 alipigwa mawe hadi kufa ndani ya uwanja wa michezo, mbele ya watu wapatao 1,000. Juni 2010 watu wawili waliuawa karibu na Mogadishu kwa kosa la kutazama Kombe la Dunia. Julai 11 ya mwaka huohuo, usiku wa fainali, mabomu yaliua watu zaidi ya 70 mjini Kampala, wamekusanyika mbele ya skrini kama sisi tulivyokusanyika bandani. Juni 2014, Mpeketoni, kaunti ya Lamu, wavamizi waliingia mjini jioni watu wakitazama Kombe la Dunia. Aprili 2018 bomu lililipuka uwanjani Barawa, Somalia, mpira ukichezwa, na watu wakafa. Wiki chache baadaye timu iliyobeba jina la Barawa, ya watu wa ughaibuni, ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya CONIFA, ya timu zilizo nje ya FIFA, jijini London. Kwa watu hawa, kwenda kutazama mpira kuliwahi kuwa ujasiri. Ukimwigizia mmoja wao kifo cha mashabiki, anaona sura za watu wake.

Wapo watakaosema basi mashabiki wote wanyamaze, wapige makofi kwa adabu. Hao hawaijui Pwani. Kushindana kwa maneno ndiyo sanaa yetu kongwe kuliko mpira. Kabla ya jezi kulikuwa na beni: Mombasa ilikuwa na Kingi na Skochi, Tanganyika ikawa na Marini na Arinoti, kila chama na sare zake, vyeo vyake vya kijeshi na nyimbo za kumvua nguo mpinzani. Wanawake walikuwa na lelemama, na mpaka leo wana leso, ambazo jirani huzisoma akafahamu kuwa yeye ndiye aliyesemwa. Mpira ulipokuja ulikuta uwanja wa maneno umekwisha kufyekwa.

Angalia Simba na Yanga za Dar es Salaam. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, nayo iliitwa Sunderland hadi 1971. Watangazaji hawaziiti maadui. Huziita watani wa jadi. Yanga ni vyura, kwa sababu makao yao yapo Jangwani na mto Msimbazi ukifurika maji huingia hadi klabuni. Simba ni mikia. Mtu wa Simba atakukumbusha 6-0 ya 1977 na mabao matatu ya Abdallah Kibaden kana kwamba alikuwepo, hata kama baba yake alikuwa hajaoa. Tarehe 6 Mei 2012 Simba ilishinda 5-0, na kwa miaka kumi na zaidi mtu wa Yanga alikuwa akipungiwa mkono anahesabu vidole. Novemba 2023 Yanga wakashinda 5-1, na vidole vilevile vitano vikahamia upande wa pili.

Katika 5-0 ile ya 2012, bao moja lilifungwa na Patrick Mafisango. Siku kumi na moja baadaye alikufa katika ajali ya gari, Dar es Salaam. Nimesikia vijembe vya kila aina kuhusu mechi ile, vya haki na vya uonevu, kwenye daladala, kwenye vijiwe vya kahawa, hata msikitini watu wakivaa viatu. Sijasikia hata kimoja kilichomgusa Mafisango. Hakuna sheria iliyokataza, wala kamera iliyokuwa ikimvizia mtu. Neno utani lina mipaka ambayo wenye nalo wamezaliwa nayo.

Mipaka yenyewe si kwamba kifo hakichekwi. Hapo wageni wengi hukosea, na sisi wa Pwani, tuliozoea matanga ya kimya na hitima, tunaweza kukosea pia. Nenda bara uone utani ulikotoka. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19. Leo ni watani. Wazaramo na Wanyamwezi walizoeana kwenye njia za misafara. Nao ni watani. Na mahali utani unapong'aa kuliko kwingine kote ni msibani. Mtani hufika wafiwa wakilia, akaigiza mwendo wa marehemu, akadai alikufa na deni lake, akapora kuku. Kaburi likishachimbwa, huweza kuingia na kujilaza humo, akaapa hatoki mpaka alipwe, na jeneza likasubiri. Wafiwa hucheka, machozi bado mashavuni, wakamtupia chochote. Ndipo hutoka.

Mgeni ataona mtu anamdhihaki maiti. Mwenyeji anajua ni nani aliyelichimba kaburi lile. Ni huyohuyo. Mtani huchimba, hubeba, hupika, huwalazimisha wafiwa wale. Amekuja na jembe begani na mzaha mdomoni, na jembe ndilo linaloupa mzaha ruhusa. Kesho msiba ukiwa kwake, waliochekwa leo watakuja nao na jembe lao.

Kwa hiyo swali la kumuuliza anayeimba kifo uwanjani si kama kifo kinachekeka. Mwulize amekuja na nini mkononi. Aliyevaa jezi ile ya 97 hakumchimbia mtu kaburi wala hakuketi matangani, na hategemei mtu wa Liverpool aje kumzika. Ameuchukua ulimi wa mtani, jembe akaliacha. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi, wakimaanisha kwamba balaa likitupata sote tunalibeba pamoja, na kubebana huko ni faraja. Mtu wa namna hiyo ameishika methali kwa upande wa makali: wamekufa wengi, basi tufanye harusi.

Nasi tusijione salama kwa kuwa tuna utani. Tarehe 23 Oktoba 2010, Gor Mahia na AFC Leopards zilipocheza Nyayo, Nairobi, watu saba walikanyagwa hadi kufa mlangoni. Pambano hilo huitwa la mashemeji, kwa kuwa Waluo na Waluhya wameoana kwa vizazi, na jina hilo ni hazina. Shemeji unaweza kumtania mpaka ng'ombe wa mahari wacheke, lakini msiba wake ni wako. Siku jina litakapobaki kwenye matangazo tu, nao ushemeji umekwisha, wale saba watageuka kuwa wimbo wa mtu. Wimbo wa namna hiyo hausubiri chuki kubwa. Unasubiri vijana waliolelewa na simu peke yake, wanaopokea kituko kilichokwisha pikwa mbali bila kupokea habari za waliokufa.

Nilisema nitarudi bandani. Mechi iliisha 7-0. Watu walimwagika nje wakiimba, na kijana wa mbawa akasimama mlangoni akiwahesabia watu wa Manchester vidole, vitano vya mkono mmoja na viwili vya mwingine, kila atokaye na fungu lake. Mzee alipofika mlangoni kijana alishusha mikono. Alidhani bado anakemewa.

Mzee akafungua vifungo vya koti lake kuukuu. Ndani alikuwa amevaa jezi ya Manchester United, imechujuka.

"Nihesabie," akasema. "Mabao saba nimeyakubali, ni yangu. Nicheke mpaka mwezi wa Ramadhani uandame."

Kijana akamhesabia, taratibu, kidole kwa kidole, na banda zima likaangua kicheko, mzee akiwemo. Kisha mzee akafunga vifungo vyake kimoja kimoja.

"Lakini wale ishirini na watatu," akasema, "waache walale. Hukuwazika wewe."