Istilahi ya Bastola Nusu-otomatiki
Bastola ya Colt iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1911 iliitwa "otomatiki", ingawa kila kifyatulio kivutwapo hutoka risasi moja tu. Kinachojiendesha ni upakiaji: nguvu ya mlipuko husukuma kitelezi nyuma, ganda hutupwa, springi huingiza risasi nyingine. Kwa hiyo twapendelea istilahi "nusu-otomatiki".

Anunuaye bastola fupi kwa mara ya kwanza asichanganye shabaha na kutegemeka. Kutegemeka ni kukamilisha mzunguko huo bila kukwama; na kwa kuwa kitelezi kifupi kina mwendo mfupi, aijaribu kwa risasi zile zile atakazotumia. Wala "tupu" si bastola iliyochomolewa kikasha cha risasi: moja yaweza kubaki mtutuni, ikaua.