Kifuko cha titi chaweza kupasuka bila mwenyewe kujua

MNAMO Machi 2010, serikali ya Ufaransa ilipiga marufuku vifuko vya matiti vya kampuni ya Poly Implant Prothèse baada ya kubainika kwamba vilijazwa silikoni ya viwandani isiyoidhinishwa kwa tiba. Mwanzilishi wake, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka minne mnamo Desemba 2013. Kwa maelfu ya wanawake waliowekewa vifuko hivyo katika nchi mbalimbali, hukumu hiyo haikujibu swali lililowakosesha usingizi: nitajuaje kama changu kimepasuka?

Kifuko cha maji ya chumvi kikitoboka, titi hunywea kwa siku chache tu. Silikoni ni nzito mithili ya ute. Isitoshe, mwili huwa umekwisha kujenga utando wa kovu kukizunguka kifuko, hivyo gamba likichanika, silikoni yaweza kubaki mumo humo. Titi halibadiliki umbo wala haliumi, na hata daktari akilipapasa huenda asigundue lolote.

Mamografia, inayotegemewa kusaka saratani, haifui dafu hapa. Silikoni huzuia miale ya eksirei, nacho kifuko huonekana kama doa jeupe. Ni ile iliyovuja nje ya utando tu ambayo yaweza kuonekana. Ultrasaundi ni nafuu zaidi. Silikoni iliyopenya kwenye titi au tezi za kwapani hujitokeza kama ukungu mweupe, ingawa mengi hutegemea ustadi wa anayeshika kifaa.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni MRI, ambacho hutumia sumaku. Gamba lililochanika huonekana likielea ndani ya silikoni kwa mistari iliyopindapinda, kama tambi bakulini. Lakini hata gamba zima huwa na mikunjo, na asiye mzoefu akiichanganya na tambi hizo, mgonjwa atapasuliwa bure.

Tangu 2020, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, hupendekeza kwamba mwenye vifuko vya silikoni, hata asipohisi lolote, apigwe picha ya ultrasaundi au MRI miaka mitano au sita baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu. Gharama hiyo yafaa ihesabiwe kabla ya kuwekewa vifuko, si baadaye.

Uvimbe ukitokea kwapani, usidhaniwe tu kuwa silikoni iliyovuja. Waweza kuwa saratani, na picha zikiacha shaka, sharti kipande kitolewe kikachunguzwe kwenye maabara.