Alama za Mtajo katika Lakabu za Baruapepe

Mfasiri wa maelezo ya programu za baruapepe hukutana na alama za mtajo mahali ambapo hapana mtajo wowote, yaani katika jina la mpelekewa. Makala haya yanakusudia kueleza kazi ya alama hizo, kwani aijuaye kazi ya kitu ndiye awezaye kukichagulia istilahi ifaayo.

Tuanze na lakabu. Programu humruhusu mwandishi kutumia jina fupi badala ya anwani nzima. Akiandika mhazini, programu hutazama katika kitabu cha anwani na kuweka mahali pake:

"Mhazini, Tawi la Mang'ula" <mhazini@mfano.example>

Jina fupi la namna hii lingeweza kuitwa 'jina bandia', lakini neno bandia lina harufu ya udanganyifu, na hapa hakuna anayejificha. Lakabu, yaani jina apewalo mtu juu ya jina lake, linafaa zaidi.

Sasa tuzitazame alama zenyewe. Kwa mujibu wa kanuni za muundo wa ujumbe, yaani RFC 822 ya mwaka 1982 na zilizoirithi, RFC 2822 ya mwaka 2001 na RFC 5322 ya mwaka 2008, mkato hutenganisha mpelekewa mmoja na mwingine. Tukiziondoa alama za mtajo katika mfano wetu, programu itasoma wapelekewa wawili: Mhazini, asiye na anwani, na Tawi la Mang'ula. Programu moja itaukataa ujumbe. Nyingine italiunganisha neno Mhazini na jina la kikoa cha mtumaji, na barua ya fedha huenda ikamfikia asiyehusika.

Alama hizo, basi, hazinukuu bali zinafunga. Hulifanya jina lenye mkato, nukta pacha, mabano au alama ya @ kuwa kitu kimoja, wala zenyewe si sehemu ya jina hilo. Hata nukta ya 'Dkt.', kwa kanuni kamili, hudai kufungwa. Iwapo jina lina alama za mtajo ndani yake, kila moja hutanguliwa na mshazari wa nyuma (\).

Mambo mawili yaangaliwe. Kwanza, ritifaa ya Mang'ula haifungi jina wala haihitaji kufungwa. Pili, alama zilizopinda, ambazo programu za kuandikia huziweka zenyewe, hazina nguvu hiyo, zinazofunga ni zile zilizonyooka (") peke yake.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba alama ziendelee kuitwa alama za mtajo, maana umbo lake ni lile lile, lakini kazi yake katika anwani iitwe kufunga jina. Mtumishi aambiwaye 'nukuu jina la mpelekewa' atalinakili tu, na kosa litabaki pale pale. Akiambiwa 'lifunge jina kwa alama za mtajo', atajua la kufanya.